Reli iliyolala inaamshwaje? Maswali ya watu wa Tabora na Kigoma kuhusu mipango na fedha za kufufua njia za zamani

Tangu mitambo ianze kulima tuta la SGR, reli mpya ya umeme, kati ya Tabora na Kigoma, kila kijiji kilichozoea honi ya treni kinauliza habari ya njia yake ya zamani. Haya ni maswali yanayorudi mara kwa mara sokoni, kwenye mikutano ya hadhara na ndani ya behewa la daraja la tatu. Yamewekwa jinsi yanavyokuja, bila kupangwa kwa uzito.

Treni ya Kigoma si ipo? Hiyo reli iliyolala ni ipi?

Ipo. Reli ya Kati ya geji ya mita (upana wa mita moja kati ya reli mbili), ambayo Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, bado ni njia kuu. Wanaouliza huwa wanakusudia matawi na vipande vyake, na hapo pana hali tatu ambazo vijiweni huchanganywa.

Kuna njia ambayo reli na mataruma (vipande vya mbao au chuma vinavyolazwa chini ya reli) vipo chini lakini ratiba haipo. Tawi la Manyoni kwenda Singida, la kilomita 115 hivi, lilikaa miaka mingi bila treni ya abiria. Kuna njia inayoishi kwa kusuasua: treni inapita, ila kwa mwendo mdogo na mzigo mwepesi, na mvua ikikata tuta safari husimama hadi mafundi wamalize. Wasafiri wa tawi la Kaliua–Mpanda, takriban kilomita 210, hawahitaji kuelezwa zaidi. Halafu kuna njia ambayo vyuma viling'olewa zamani, ikabaki alama ya tuta porini, kama ile ya Mtwara–Nachingwea.

Ya kwanza inafufuliwa. Ya pili inakarabatiwa. Ya tatu inajengwa upya, hata kama jukwaani itaitwa ufufuaji. Gharama zake hazikaribiani hata kidogo, kwa hiyo kabla ya kuuliza "lini", uliza kwanza yenu ni ya aina gani.

Nani mwenye uamuzi?

Mbunge na mkuu wa mkoa wanaweza kusukuma, lakini uamuzi hauko kwao. Mwenye njia ni Shirika la Reli Tanzania, TRC, kwa Sheria ya Reli ya mwaka 2017. Sheria hiyo iliunganisha RAHCO, iliyokuwa inamiliki miundombinu, na TRL, iliyokuwa inaendesha treni. TRC hupeleka pendekezo Wizara ya Uchukuzi. Wizara hulipima na mengine inayoyataka: viwanja vya ndege, bandari, meli za maziwa makuu. Tume ya Mipango, iliyorudishwa mwaka 2023, huangalia kama pendekezo linaingia katika Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Wizara ya Fedha huangalia ukomo wa bajeti, yaani kiasi ambacho wizara haiwezi kuvuka hata kama hoja yake ni tamu namna gani. Mwisho Bunge hupitisha.

LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, haitoi fedha. Kazi yake ni kukagua usalama na kusimamia nauli.

Kiongozi akishasema jukwaani kwamba njia itafunguliwa, si yamekwisha?

Hapo hata hayajaanza. Ahadi ya jukwaani ina thamani yake, kwa sababu huwapa maofisa sababu ya kuchomoa faili kabatini, lakini haina kifungu cha fedha. Baada yake huja hotuba ya bajeti ya waziri, nayo isomwe kwa makini. "Serikali itaendelea na taratibu za kufufua" haina shilingi ndani yake. "Serikali imetenga shilingi kadhaa kwa ajili ya ukarabati wa kipande fulani" angalau imeanza kusema kitu.

Na hata fedha kupitishwa si mwisho wa safari. Mwaka 1914 Wajerumani walikwishaanza kazi ya tawi kutoka Tabora kuelekea Rwanda, fedha zimeidhinishwa na mpango umekamilika. Vita vikaja, na treni ya Rwanda haikutoka Tabora mpaka leo. Waingereza walipochukua nchi waliona faida upande mwingine wakajenga njia ya Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928. Tabora imezoea kusubiri reli.

Wataalamu wakija na kiberenge huwa wanatafuta nini?

Wengi hudhani wanakagua vyuma. Wanavikagua, ndiyo, lakini mhandisi mzoefu huanza na maji.

Reli yenyewe ni ngumu kufa. Chuma kilicholazwa enzi za ukoloni kinaweza kubeba treni nyepesi hadi leo kama hakijapinda na vichwa vyake havijalika. Kinachoua njia iliyolala ni kalvati lililoziba. Maji yakikosa pa kupita hupanda juu ya tuta au hulila kwa chini, kokoto zinasombwa, mataruma yanabaki yananing'inia. Msimu mmoja wa namna hiyo hutosha kugeuza kazi ya kufyeka majani kuwa kazi ya kujenga tuta upya. Mfano mkubwa uko kwenye reli kuu yenyewe: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu kipande cha Kilosa–Gulwe, kando ya mto Mkondoa, na treni zikasimama kwa miezi. Zilipoanza tena, abiria wa Kigoma alilazimika kupanda basi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ndipo akute treni yake. Kipande kimoja tu kilifanya hayo, na upande wetu wa Tabora na Kigoma njia ilikuwa nzima.

Kwa hiyo timu ya kwanza huhesabu makalvati na madaraja, hupima mahali mito ilipohama, hukagua mataruma (ya mbao huliwa na mchwa na moto, ya chuma huoza kwa kutu sehemu zenye chumvi na unyevu), kisha hupima uzito wa reli. Hapo utasikia wakitaja "ratili 80". Ni ratili kwa kila yadi ya reli, na ndicho kipimo ambacho njia kuu imekuwa ikipandishwa kukifikia. Njia nyingi za matawi zina reli nyepesi kuliko hiyo, ndiyo maana behewa lililojaa shehena ya njia kuu haliwezi kuingia tawini likiwa limejaa. Ukifufua tawi bila kubadilisha reli, mzigo utapunguzwa njiani, na mfanyabiashara atafanya hesabu zake na kurudi kwenye lori.

Baada ya ukaguzi huo, hatua zipi zinafuata?

Upembuzi yakinifu, unaojibu kama kuna mzigo wa kutosha. Usanifu wa kina, unaotoa michoro na makadirio. Tathmini ya athari kwa mazingira chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, ambayo kwa upande wetu si karatasi ya kujaza tu: njia ya Kigoma inapita bonde la Malagarasi, sehemu ya ardhi oevu ya Malagarasi–Muyovozi iliyoingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na tawi la Mpanda linavuka mto Ugalla. Halafu zabuni kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa umma mtandaoni, isipokuwa kama TRC itaamua kuifanya kazi kwa mafundi wake. Kisha kazi yenyewe, treni za majaribio, na ukaguzi wa LATRA.

Miaka hupotea zaidi kati ya upembuzi na usanifu. Upembuzi wenye umri mkubwa lazima urudiwe kwa sababu bei na mito vyote vimebadilika, na kuurudia kunahitaji fedha za mwaka mwingine wa bajeti.

Fedha zinatoka wapi hasa?

Hili ndilo swali kubwa, na jibu lake linaeleza kwa nini njia nyingine zinakimbia na nyingine zinangoja.

Chanzo cha kwanza ni mapato ya ndani, yaani kodi zetu, kupitia Fungu 62 la Wizara ya Uchukuzi. Ndani yake kuna tozo ya maendeleo ya reli, iliyoanzishwa mwaka 2015 kwa kiwango cha asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingia nchini. Kwa maneno mengine, aliyenunua simu au bati lililotoka nje alichangia reli, awe amewahi kupanda treni au la. Sheria pia imeweka Mfuko wa Miundombinu ya Reli. Ubaya wa mapato ya ndani ni kwamba hutolewa kwa mafungu madogo kadiri makusanyo yanavyokwenda. Kilichopitishwa bungeni mwezi Juni na kilichofika kwa mkandarasi hadi Juni inayofuata ni namba mbili tofauti.

Chanzo cha pili ni mikopo nafuu ya mashirika ya maendeleo. Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 kwa ajili ya kukarabati reli ya zamani kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970: madaraja, reli, vichwa na mabehewa. Angalia ramani: Isaka iko kwenye njia ya Mwanza. Fedha hizo zilifika Tabora, zikakunja kulia. Kipande cha Tabora–Kigoma hakikuwamo. Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo mwezi Desemba 2023 iliidhinisha takriban dola milioni 696 kwa Tanzania na Burundi, safari hii kwa SGR ya Tabora–Kigoma na ile ya Uvinza kuelekea Musongati nchini Burundi.

Chanzo cha tatu ni mikopo ya kibiashara. Kwa SGR ya Dar es Salaam hadi Makutupora, benki ya Standard Chartered iliratibu mkopo wa dola bilioni 1.46 uliotangazwa mwaka 2020, ukiwa na dhamana za mashirika ya mikopo ya Denmark na Sweden.

Sasa tazama mkopeshaji anapenda nini. Mikopo ya aina hii ya tatu hufuata mikataba mikubwa yenye vifaa vya kununuliwa nje. Tawi la zamani linahitaji kokoto za hapa, mataruma, vibarua na mafundi wa TRC; hakuna kiwanda cha Ulaya wala Asia kinachonufaika. Kwa hiyo ufufuaji wa tawi dogo huangukia karibu siku zote kwenye mapato ya ndani, yale yale yanayotoka kidogo kidogo. Kazi ndogo ndiyo inayokwama, kubwa inakwenda. Hakuna njama katika hilo, lakini ni jambo ambalo wabunge wetu wangepaswa kulizungumza kwa sauti zaidi kuliko wanavyoomba tarehe ya uzinduzi.

Kukarabati kunagharimu kiasi gani ukilinganisha na SGR?

Chukua namba zilizo wazi. Mkataba wa SGR ya Tabora–Kigoma, uliosainiwa Desemba 2022 na kampuni za Kichina CCECC na CRCC, ni wa takriban dola bilioni 2.2 kwa kilomita 506: 411 za njia kuu na 95 za kupishania na za stesheni. Hiyo ni zaidi ya dola milioni 4 kwa kilomita. Ule mradi wa 2014 ukigawanywa kwa kilomita 970 unapata kama dola laki tatu kwa kilomita, na humo kuna vichwa na mabehewa pia.

Si vitu vya aina moja, bila shaka. Kule unapata njia mpya ya umeme yenye geji ya milimita 1,435 iliyosanifiwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Huku unapata ile ile ya milimita 1,000 ikiwa na afya. Lakini tofauti ya zaidi ya mara kumi inatosha kujibu wale wanaosema kukarabati ya zamani ni kupoteza fedha.

SGR ikifika Kigoma, ya zamani itakuwa na kazi gani?

Muulize mwenye mzigo wa chumvi pale Uvinza, au mkulima wa Usinge. SGR ina stesheni chache zilizo mbali mbali kwa sababu treni ya mwendo ule haiwezi kusimama kila penye mwembe. Geji ya mita husimama Usoke, Urambo, Kaliua, Nguruka, Malagarasi, Kazuramimba. Mama anapanda na madebe ya mawese, mwingine na asali, mwingine na mkungu wa ndizi, na stesheni inakuwa soko kwa nusu saa. Biashara hiyo haihami kwenda kwenye treni ya umeme.

Pia ya zamani ndiyo inayogusa gati la Kigoma, na historia yake na ziwa ni ndefu. Meli inayoitwa leo MV Liemba ilitengenezwa Papenburg nchini Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa masanduku, ikapanda reli hii, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mzigo wa Kongo na Burundi bado unahitaji njia hadi bandarini na bandari kavu ya Katosho.

Hatari iliyopo ni ya kibajeti. Njia mpya ikianza kuingiza abiria na sifa, fedha za matengenezo ya ile ya zamani ndizo rahisi kukata, kwa kuwa hakuna atakayeandamana kwa sababu ya makalvati.

Kwa nini njia ya Mpanda ilibaki na ya Nachingwea iking'olewa? Zote si za mkoloni?

Zote za Mwingereza, zote za miaka ile ya baada ya Vita Kuu ya Pili, na zote zilijengwa kwa mzigo mmoja.

Ya Nachingwea ilikuwa ya mradi wa karanga. Serikali ya Uingereza ilitaka mafuta ya kula, ikafyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikajenga reli kutoka Mtwara kabla karanga hazijaonekana. Karanga hazikuonekana. Mradi uliachwa mwaka 1951, reli ikabaki na nauli za kuokoteza, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma kung'olewa. Tawi la kwenda Kongwa lilikwisha vivyo hivyo. Wazee wa Urambo wanaikumbuka karanga kwa jina tu. Tumbaku ndiyo iliyokuja kuwalisha.

Ya Mpanda ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, lakini njia ilikwishavuta watu: walowezi wa mashamba, wafanyabiashara, mahindi na mpunga wa Rukwa na Katavi uliotafuta soko kaskazini, na kwa miaka mingi barabara ya lami haikuwapo. Mzigo wa mgodi ulipokufa, mzigo wa watu ulikuwa umeshaota. Hiyo ndiyo tofauti. Upembuzi wowote wa kufufua tawi unaotegemea mgodi mmoja, kiwanda kimoja au zao moja, usomeni mara mbili.

Kuna njia hapa nchini iliyowahi kulala ikaamka kweli?

Njia ya kaskazini. Tanga–Arusha, karibu kilomita 440, ilikaa kimya muda mrefu hata watu wakaanza kulima juu yake. TRC iliifufua kwa kutumia mafundi wake na fedha za ndani. Treni ya mizigo ilifika Moshi Julai 2019, ya abiria kutoka Dar es Salaam ikaanza Desemba mwaka huo, na Arusha ikapata treni ya abiria mwaka 2020 baada ya miaka 30 hivi. Mambo mawili yalisaidia: vyuma vilikuwa bado chini, na shirika halikungoja mkandarasi mkubwa. Kazi ilikwenda kwa vipande, kila kipande kikifunguliwa kikimalizika.

Wakenya nao waliamsha njia ya Nairobi–Nanyuki mwishoni mwa 2020 wakitumia vijana wa jeshi na wa huduma ya taifa pamoja na mafundi wa shirika lao la reli.

Na wenzetu Ulaya wanafanyaje?

Uingereza ilifunga maelfu ya maili za reli baada ya ripoti ya Dokta Beeching ya mwaka 1963, ikaja kujuta. Januari 2020 serikali ikatangaza mfuko wa pauni milioni 500 wa kurudisha njia zilizofungwa. Jamii na wabunge wao wakaalikwa kuleta mapendekezo na kuombea fedha za upembuzi. Huo utaratibu wa ushindani ni mzuri: wilaya inalazimika kuleta hoja, si malalamiko.

Njia ya kwanza kurudi ni ya Okehampton, Novemba 2021, kwa karibu pauni milioni 40, chini ya makadirio. Ilikuwa nafuu kwa sababu baada ya treni za kawaida za abiria kukoma mwaka 1972 vyuma havikung'olewa. Vilikuwa vinahudumia machimbo ya kokoto. Ya Northumberland, iliyofunguliwa Desemba 2024, ilipanda hadi karibu pauni milioni 300. Kati ya hizo mbili serikali ilibadilika, na Julai 2024 serikali mpya ikaufuta mfuko. Miradi iliyokwishaanza ikaendelea, iliyokuwa kwenye makaratasi ikabaki huko. Kwa hiyo wakikwambia mambo ya siasa kuingilia reli ni ya Kiafrika, wajibu.

Kwa nini tusimpe mwekezaji binafsi?

Tulimpa. Mwaka 2007 kampuni ya RITES ya India ilichukua asilimia 51 ya TRL na serikali ikabaki na 49. Ndoa haikudumu; mkataba ulivunjwa na hisa zikarudi serikalini mwanzoni mwa muongo uliofuata. Mwekezaji wa kuendesha treni anaweza kufaa kwenye njia kuu yenye mzigo wa uhakika. Kwenye tawi lenye treni chache kwa wiki, faida haitoshi kulipa makalvati, na atakayedai vinginevyo aoneshe hesabu.

Nina nyumba karibu na njia ya zamani. Nitavunjiwa?

Kipimo ambacho shirika limekuwa likitangaza ni mita 15 kila upande wa njia mjini na mita 30 vijijini. Aliyejenga ndani ya hifadhi baada ya njia kuwapo kwa kawaida huhesabiwa kuwa mvamizi, hata kama treni haikupita kwa miaka 20 na hata kama mwenyekiti wa mtaa alimgongea muhuri. Hiyo ndiyo sehemu chungu ya reli kulala: watu husahau, viongozi wa mitaa huuza, na siku ya alama nyekundu ya X aliyeuza haonekani.

Hali ni tofauti kama njia inapanuliwa au inahamishwa na ardhi yako iko nje ya hifadhi ya zamani. Hapo kuna uthamini na fidia: thamani ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, usafiri, malazi, na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Ikichelewa zaidi ya miezi sita, sheria inataka ilipwe na riba. Piga picha mali yako, tunza nakala ya fomu ya uthamini uliyosaini, na usisaini fomu ambayo haijajazwa.

Kulima mihogo juu ya hifadhi msimu huu? Watu wanalima. Usipande miti ya kudumu.

Vyuma vilivyoibwa vitarudishwaje?

Havirudi. Taruma la chuma, boliti na vibanio huishia kwenye vyuma chakavu, na kila kilichoibwa kinaingia kwenye makadirio ya ukarabati. Kijiji kinacholinda njia yake kinapunguza bei ya kufufuliwa, jambo ambalo Okehampton wamelionesha vizuri. Kuhujumu miundombinu ya reli ni kosa la jinai, na mnunuzi hana usalama kuliko mwizi.

Ajira zitakuwapo kwa vijana wa hapa?

Za muda, ndiyo: kufyeka, kupakia kokoto, kubeba mataruma, kuzibua makalvati. Za kudumu ni chache, na huenda kwa wenye ujuzi. Kwa bahati chuo cha reli kiko hapa hapa Tabora. Mzazi wa Urambo mwenye kijana aliyemaliza kidato cha nne asingoje tangazo la kibarua.

Nitajuaje kama fedha za njia yetu zimetoka kweli?

Mwaka wa serikali huanza Julai 1. Hotuba ya Wizara ya Uchukuzi husomwa Dodoma kati ya Aprili na mapema Juni, na huwekwa wazi. Itafute, nenda kwenye sehemu ya reli, andika kipande kilichotajwa na kiasi kilichotengwa chini ya Fungu 62. Mwaka unaofuata, hotuba mpya hueleza utekelezaji wa mwaka uliopita, linganisha. Kama njia yenu ilitajwa mwaka juzi na mwaka jana kwa maneno yale yale, hakuna kilichofanyika.

Ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hukabidhiwa kwa Rais ifikapo mwisho wa Machi na kuwekwa bungeni Aprili. Humo ndimo hutokea habari za mikataba iliyochelewa na malipo ya riba kwa wakandarasi. Ni nzito kusoma, lakini sura ya mashirika ya umma haihitaji uhasibu wa juu. Zabuni nazo hutangazwa NeST. Kazi ya njia yenu isipoonekana huko, uliza kama TRC inaifanya yenyewe.

Na ukiuliza, uliza swali moja zaidi ambalo halipendwi: baada ya kufunguliwa, zimetengwa shilingi ngapi kila mwaka za kuitunza? Njia inayofunguliwa kwa sherehe bila gengi la matengenezo huanza kufungwa mvua za kwanza.

Halmashauri yetu ifanye nini badala ya kuomba tu?

Ilete mzigo kwenye karatasi. Vyama vya msingi vya tumbaku vya Urambo na Kaliua vina tani zao kwenye vitabu. Wenye maghala ya mpunga na mahindi wanazo. Wazalishaji wa chumvi Uvinza, wafugaji wa nyuki, wauza dagaa wa Kigoma, kila mmoja anajua anasafirisha kiasi gani, kwa lori gani, kwa bei gani, na miezi ipi barabara humkwamisha. Ofisa mipango wa wilaya akizikusanya namba hizo kwa misimu mitatu, na wasafirishaji wakasaini kwamba wataupandisha mzigo treni ikiwa behewa litapatikana kwa wakati, TRC inakuwa na kitu cha kuweka kwenye upembuzi. Waambatanishe orodha ya makalvati yaliyoziba na picha zake, kwa namba za kilomita zilizoandikwa kwenye nguzo za kando ya njia.

Barua hiyo ipitie kwa mkurugenzi wa halmashauri na sekretarieti ya mkoa, nakala kwa mbunge na kwa Kamati ya Bunge ya Miundombinu. Mapendekezo ya mpango na mwongozo wa bajeti hupelekwa bungeni Novemba, kwa hiyo ifike TRC kufikia Septemba. Ikifika Machi itasomwa, itapigwa muhuri, na itangoja mwaka mwingine.